SAYANSI NI KAZI YA KIKUNDI PIA

Leo tuzungumze juu ya watoto wetu na masomo ya sayansi.

Wengi wetu tukisikia sayansi tunafikiri ni mambo ya Nairobi na Ulaya. Lakini pampu ya shambani ikizima, tunampigia simu fundi wa mbali, na nauli yake tunailipa kabla hajafungua hata nati moja. Mahindi yanakauka tukimngojea. Kwa nini fundi huyo asiwe kijana wa hapa?

Mfikirieni Richard Turere, mtoto wa Kimaasai wa Kitengela, karibu na Mbuga ya Taifa ya Nairobi. Alichunga ng'ombe wa baba yake, na simba walivamia zizi usiku. Alijaribu moto, haukusaidia. Akaweka sanamu ya mtu, simba wakaizoea. Usiku mmoja alizunguka zizi na tochi, akagundua kwamba simba huogopa mwanga unaotembea. Akiwa na miaka 11 aliunganisha betri kuukuu ya gari, sola ndogo, kifaa cha indiketa ya pikipiki na balbu za tochi mbovu. Taa zikawa zinawaka kwa zamu, kana kwamba kuna mtu anapita. Majirani wakamwomba awafungie na wao, na mwaka 2013 aliitwa Marekani kueleza kazi hiyo.

Hakuwa na maabara. Alikuwa na shida ya nyumbani, akajaribu, akashindwa, akaangalia tena. Umeme alijifunza kwa kufungua vyombo, hata redio mpya ya mama yake, na mama alikasirika kwelikweli! (Hapa kwetu fimbo ingetembea.)

Shule nayo ina kazi yake. Ndugu Peter Tabichi, mtawa wa Kifransisko, alifundisha hisabati na fizikia katika Shule ya Keriko, huko Njoro, Nakuru. Shule ilikuwa na kompyuta moja tu na watoto wengi wa maskini. Aliimarisha klabu ya sayansi, na wanafunzi wake wakabuni kifaa cha kuwasaidia vipofu na viziwi kupima vitu. Mwaka 2019 alipewa tuzo ya mwalimu bora duniani, dola milioni 1.

Siku hizi mwanafunzi wa Gredi ya 9 huchagua mkondo mmoja kati ya mitatu: sayansi na teknolojia, masomo ya jamii, au sanaa na michezo. Mzazi asipouliza mapema, mtoto hufuata rafiki zake. Na msichana huambiwa hesabu si zake. Maneno hayo husemwa hata na sisi akina mama, jikoni.

Kikundi kifanye nini basi? Kabla ya kupanda, wapeni watoto mbegu 50 za mahindi. Wazipange ndani ya gunia lenye unyevu, walinyunyizie maji kila siku, na siku ya saba wahesabu zilizoota. Zikiota 25, nusu ya mbegu hiyo ni hasara, na mmejua kabla ya kutoa pesa za kulima. Hesabu waiandike wao, msichana ashike kalamu, kisha waje waisome mbele ya mkutano.

Na mkutano ujao mweka hazina aulizwe: katika mchango wetu wa mwezi, ni shilingi ngapi zinaweza kununua vitabu vya sayansi?