Mpira wa pili shingoni

Dokta, shikamoo. Mama yetu figo zimefeli. Mwezi uliopita alipowekewa mpira shingoni ili asafishwe damu, damu iliruka na shingo ikavimba. Daktari alisema mpira umeingia mshipa usio wake, lakini hakuutoa. Tulipelekwa Hospitali ya Bugando mpira ukiwa bado ndani, wakautoa kwa upasuaji. Sasa anatakiwa kuwekewa mwingine. Baba mdogo wa Butiama amegoma, anasema walikuwa wanaficha kosa. Shangazi wa Musoma anataka amkande shingo kwa maji ya moto. Mimi ndiye kifungua mimba. Nifanyeje?
Msomaji, Bunda

Marahaba, mwanangu. Poleni sana.

Weka vidole kando ya koromeo lako. Panapodunda ndipo ilipo ateri ipelekayo damu kichwani. Vena anayoitafuta daktari imelala ubavuni mwake, na sindano ikikosea kidogo huingia kwa jirani. Ajali hiyo huwapata hata wazoefu. Ikiwa ni sindano nyembamba, huchomolewa na pakagandamizwa, yakaisha. Mpira mnene ukichomolewa wodini, damu hujaa shingoni na yaweza kubana njia ya hewa. Tena mgonjwa anaweza kupata kiharusi. Ndiyo maana huachwa palepale mpaka wapatikane wapasuaji wa mishipa. Kwa ulivyoeleza, daktari aliyeuacha alimlinda mama. Mwambie hivyo baba mdogo.

Mkiwa bado na malalamiko, Baraza la Madaktari Tanganyika hupokea. Ila tiba isisimame, maana figo zilizofeli hazingoji kikao cha ukoo.

Kubali mpira wa pili, ukiuliza mambo matatu. Je, watatumia ultrasaundi kuuona mshipa wakati wa kuchoma? Hupunguza sana ajali hii. Je, wataepuka mshipa wa chini ya mtulinga? Ule husinyaa baadaye, mkono ukavimba. Je, atatengenezewa lini fistula, yaani ateri na vena kuunganishwa mkononi? Huchukua wiki 6 hadi 8, pengine zaidi, kukomaa, kwa hiyo isicheleweshwe. Mkono uliochaguliwa usitolewe damu wala kutundikiwa dripu.

Shangazi mzuie kwa heshima: shingo haikandwi. Mpira ukichomoka nyumbani, mlazeni chali, gandamizeni tundu kwa kitambaa safi bila kuachia, mkimbizeni hospitali.