Taa za Nyuma Kwenye Barabara za Ufipa: Mafunzo Niliyopata

Gari langu ni Noah iliyotoka Japani ikiwa imeshatumika. Nabeba abiria pamoja na magunia yao ya maharage na ulezi kati ya Sumbawanga, Laela na Matai, na mara nyingine nateremka Lyamba lya Mfipa hadi Muze, upande wa Ziwa Rukwa. Sumbawanga iko karibu meta 1,800 juu ya usawa wa bahari. Msimu wa mvua ukungu hulala barabarani asubuhi, na kiangazi vumbi hufunika kila kilicho nyuma ya gari. Taa ya mbele ikizimika, dereva anajua papo hapo. Ya nyuma ikizimika anajua mwingine, na mara nyingi mwingine huyo ni trafiki, au ni yule aliyekugonga.

1. Hesabu taa zilizokufa kabla ya kushika bisibisi

Mwombe mtu asimame nyuma, kisha ukanyage breki. Ikigoma taa moja, shida iko hapo hapo: glopu, soketi au waya wake. Zikigoma zote, pamoja na ile ya juu kwenye kioo, usikimbilie kununua glopu, kwa maana si kawaida zote kuungua kwa wakati mmoja. Angalia fyuzi iliyoandikwa STOP, kisha swichi ndogo iliyo juu ya pedeli ya breki. Gari la otomatiki huongeza dalili yake: gia inakataa kutoka P, kwa sababu kufuli ya gia inasubiri taarifa ya swichi hiyo hiyo.

Hutokea pia kinyume chake, taa za breki zikagoma kuzima hata gari likiegeshwa. Kwenye magari mengi ya Kijapani kuna kijipira kati ya pedeli na swichi. Kikichakaa kinavunjika na kudondoka. Ni kitu cha bei ndogo, lakini ukikipuuza utaamka asubuhi ya baridi ya Julai ukute betri imekwisha.

2. Glopu iliyokufa usiitupe kabla ya kuitazama

Kioo kikiwa cheusi, glopu imezeeka tu. Kikiwa na weupe wa maziwa, kimepata ufa na hewa imeingia. Kikiwa safi huku uzi umekatika na unacheza ndani, muuaji ni mtikisiko wa barabara ya changarawe, na glopu mpya itakufa vile vile usipoishika vizuri. Zima taa, kisha tazama chemchemi za soketi. Zikiwa zimelala, zinyanyue taratibu kwa ncha ya bisibisi.

Glopu ya kawaida ya taa ya nyuma na breki ni ya volti 12, wati 21 na 5. Uzi wa wati 5 unawaka usiku kucha, na ule wa wati 21 unawaka ukikanyaga breki. Vipini vyake viwili havilingani kimo ili iingie kwa njia moja tu, kwa hiyo ikikataa, izungushe, usiilazimishe. Nyingine hazina vipini kabisa, huvutwa na kuchomekwa moja kwa moja. Na usiazime glopu ya Fuso: malori mengi hutumia volti 24, na kwenye gari dogo glopu hiyo itawaka kwa unyonge.

3. Taa zikifanya vituko, anza na waya wa ethi

Unakanyaga breki, indiketa inawaka kidogo. Unawasha indiketa, taa ya usiku inapepesa nayo. Hapo umeme umekosa njia ya kurudi kwenye bodi, ukaamua kupitia kwenye nyuzi za taa nyingine. Kwenye Toyota waya huo kwa kawaida ni mweupe wenye mstari mweusi. Fuata unakofungwa, fungua boliti, piga msasa hadi chuma king'ae, kaza, kisha paka grisi kidogo. Matope ya msimu wa mvua huleta kutu hapo haraka kuliko mahali pengine. Fundi mmoja wa umeme wa magari mjini aliwahi kuniambia: "Bosi, wateja wananiletea taa, mimi natengeneza boliti."

4. Mlango wa nyuma hula waya polepole

Noah, Probox na wenzake hufunguliwa nyuma kila kituo. Waya wa taa ya namba na wa taa ya juu ya breki hupita kwenye mpira karibu na bawaba, na kila mlango unapoinuliwa hukunjwa. Mwishowe hukatika ndani huku gamba la nje likiwa zima. Taa ikiwaka mlango ukiwa wazi na kuzima ukiufunga, usipoteze muda kwenye glopu: vua mpira huo, vuta waya mmoja mmoja, na unaorefuka mkononi ndio uliokatika. Uunge kwa kipande kirefu kidogo ili usikazwe tena.

5. Maji yakiingia, usizibe kila tundu

Usiku wetu ni wa baridi, na unyevu ulioingia ndani ya kava hugeuka matone asubuhi. Wengi hukimbilia silikoni na kuizungusha kava nzima, pamoja na kitundu cha chini ambacho kiwanda kilikiacha makusudi maji yatoke. Baada ya hapo kava inahifadhi maji na soketi inaoza. Toa kava, ikaushe, tafuta ufa, angalia mpira wa kuzunguka, ziba juu na pembeni, na chini paachwe wazi. Kusafisha ni maji na sabuni. Petroli inaharibu plastiki.

6. Fyuzi ikiungua, haidai waya mnene

Inadai ujue waya gani umechunika. Ukiweka karatasi ya sigara au kipande cha shaba, siku nyingine kitakachoungua ni waya ulio chini ya zulia la gari.

7. Mwanga mkali si lazima ueleweke

LED ina faida ya kweli. Glopu ya uzi huchukua karibu sehemu ya tano ya sekunde kufikia mwanga kamili, na gari la kilometa 80 kwa saa hupita zaidi ya meta nne katika muda huo. LED huwaka mara moja. Lakini zile za bei ya chini nyingi huwaka karibu sawasawa usiku na kwenye breki, hivyo aliye nyuma haoni tofauti. Kabla ya kulipa, zijaribu gizani: tofauti isipoonekana kwa mbali, zirudishe.

Kava iliyopasuka ni hatari kwa namna nyingine. Mwanga mweupe ukivuja nyuma, mtu kwenye ukungu anaweza kudhani unarudi nyuma, au unakuja kwake. Plastiki nyekundu ya kubandika inakufikisha mjini, haikufikishi mwaka ujao.

8. Nunua kava kwa namba, si kwa jina la gari

Ukiagiza Mbeya au Dar es Salaam "taa ya Noah," utaletewa ya toleo jingine na nauli ya basi imeliwa. Kwenye kava kumechapwa jina la mtengenezaji, kama Koito, Stanley au Ichikoh, pamoja na namba. Piga picha ya namba hiyo, taja kulia au kushoto, ndipo utume hela. Hakikisha pia mpya ina sehemu ya rifleta. Gari likizimika kabisa, betri ikiwa haina kitu, rifleta ndiyo itakayomwonyesha mwenzako kwamba upo. Mikokoteni ya maksai inayorudi mashambani jioni haina taa hata moja. Kipande cha rifleta nyuma yake ni msaada mkubwa.

9. Ukungu na vumbi vina utaratibu wake

Magari mengi ya Japani hayana ile taa nyekundu ya ukungu ambayo ya Ulaya huwa nayo nyuma. Kwa hiyo washa taa hata mchana, na kila kituo futa za nyuma kwa kitambaa chenye maji. Usiendeshe ukiwa umewasha hazadi, maana ukitaka kukata kona hakuna atakayejua. Ukiharibikiwa, weka pembetatu mbali. Matawi ya miti peke yake hayaonekani kwenye ukungu, na ukiondoka yaondoe.

10. Mwambie mwenzako

Mimi hurudi nyuma jioni hadi karibu na ukuta mweupe nikaangalia wekundu kwenye kioo, au konda akanikagulia. Lakini taa inaweza kufa kati ya Kaengesa na Laela, na anayeiona ni dereva anayenifuata. Kwa hiyo stendi tumezoeana: "Shikamoo mzee, breki yako ya kulia haiwaki." Hakuna anayeona amedharauliwa. Anayeambiwa anashukuru, anafungua boksi la glopu za akiba, na abiria wanasubiri kidogo. Ukiona taa ya mtu imekufa, sema kabla hajaondoka.