Unabii wa Kweli Haukutoi Shambani

Andiko la somo: Yeremia 28 na 29:1-14

Juma hili tunajifunza jinsi unabii unavyompa Mkristo tumaini na nguvu. Naanza na aibu yangu mwenyewe.

Miaka kadhaa iliyopita, katika mkesha mmoja huku Nyamira, mhubiri mgeni aliniwekea mkono kichwani akasema kabla ya miezi mitatu pesa nyingi zitanijia. Niliruka kwa furaha. Kesho yake sikwenda kuchuma chai, wala wiki iliyofuata. Majani yakakomaa, shamba likawa msitu. Miezi mitatu ikaisha, pesa hakuna. Bonasi ilipotoka, yangu ilikuwa kidogo mno, na mtoto akarudishwa nyumbani kwa ajili ya karo. Mama mmoja mzee wa kanisa akaja, akaiangalia ile chai, akaniuliza, "Mwanangu, huyo Mungu aliyekuahidi pesa ndiye aliyekukataza kuchuma?" Sikuwa na jibu.

Sikuwa wa kwanza. Mwaka 1913 ilianza dini ya Mumbo upande wa Waluo, ikafika kwetu Gusii. Watu waliambiwa wazungu wataondoka, mazao yataota yenyewe, na mifugo itatoka ziwani. Septemba 1914, Waingereza na Wajerumani walipigana hapo Kisii. Maafisa walipouacha mji kwa muda, wengi waliona ahadi imetimia, na mji ukaporwa. Serikali iliporudi, watu waliadhibiwa vikali. Siwacheki wazee wetu. Walikuwa wameumizwa na vita vya 1905 na 1908. Mtu aliyeumia hupenda neno la haraka.

Israeli nao walikuwa hivyo hivyo. Tuangalie mambo matatu.

1. Hanania alifupisha muda. Alitangaza kwamba baada ya miaka miwili tu mateka watarudi kutoka Babeli (28:3-4). Watu walitaka kusikia hilo, lakini Mungu hakuwa amemtuma. Mwaka huo huo Hanania akafa.

2. Yeremia aliwapa kazi. Barua yake ilisema miaka ni 70. Wajenge nyumba, wapande bustani, waoe na kuolewa, na waombee amani ya mji walimohamishwa (29:5-10). Sisi tunapenda sana aya ya 11, ile ya tumaini la siku za mwisho, lakini tunairuka aya ya 5 yenye jembe! Wapendwa, aya hizo ziko katika barua moja.

3. Neno lilitimia. Danieli alilisoma akaingia katika maombi na kufunga (Danieli 9:2-3). Baadaye Mungu akamwamsha Koreshi, mateka wakarudi (Ezra 1:1). Wengi walioisoma barua ile wakiwa watu wazima hawakurudi wao. Lakini walipanda, wakalea, na uzao wao ndio uliorudi. Hiyo ndiyo nguvu ya unabii: inakuwezesha kufanya kazi leo kwa ajili ya siku ambayo pengine hutaiona.

Na sisi tunangoja unabii mkubwa kuliko huo, kurudi kwa Bwana Yesu. Huko Thesalonike wengine walikuwa wameacha kazi, Paulo akawaagiza wafanye kazi kwa utulivu na kula chakula chao wenyewe (2 Wathesalonike 3:10-12). Bwana mwenyewe alimwita heri mtumwa atakayekutwa akifanya kazi aliyopewa (Mathayo 24:46).

Basi, tusidharau unabii, lakini tupime yote (1 Wathesalonike 5:20-21). Ukiambiwa neno, uliza: linapatana na Maandiko? Linanisukuma kwenye maombi na uaminifu, au linanifanya nikae nikingoja? Lisipotimia, Kumbukumbu la Torati 18:22 inatuambia tusimwogope aliyelisema.

Mimi niliikata ile chai, nikangoja ichipue, nikarudi na kikapu changu. Pesa nyingi sijaziona hadi leo. Lakini kila asubuhi nikiingia shambani na umande, najua Bwana wangu anakuja, na ningependa anikute hapo.

Maswali ya kikundi cha nyumbani
1. Ni kazi gani umeiacha ukingoja ahadi?
2. Unapanda nini ambacho watavuna watoto wako?

Tuombe: Baba, tupe masikio ya kuijua sauti yako na mikono isiyochoka mpaka Mwanao atakaporudi. Amina.