Skrini Kubwa ya LED: Marudio ya Umeme na Elektroniki

Kila tarehe 14 Oktoba Taifa humkumbuka Mwalimu Nyerere, aliyezaliwa na kuzikwa Butiama. Chukulia umepewa kazi ya kusanifu skrini ya LED itakayosimama uwanja wa wazi Butiama siku hiyo, ili walio nyuma nao waone. Ikizimika katikati ya hotuba, hotuba hairudiwi. Je, utaisanifuje isizimike?

A. Kumbuka

LED ni diodi inayotoa mwanga mkondo unapopita upande wake sahihi. LED nyekundu huhitaji takriban volti 2. Ya kijani na ya bluu takriban volti 3. Kila nukta ya skrini (pikseli) ina rangi hizo tatu. Umeme wa gridi ni volti 230, mkondo geu; pawasaplai huugeuza kuwa mkondo mnyoofu, kwa kawaida volti 5.

B. Idadi

Skrini ni mita 4 kwa 3, na pikseli zimeachana milimita 10.

Pikseli = 400 × 300 = 120,000
LED = 120,000 × 3 = 360,000

LED moja tu katika kila 10,000 ikifa, tayari 36 zimekufa. Kwa hiyo skrini hugawanywa katika bodi ndogo zinazofunguliwa na kubadilishwa upesi.

C. Waya

Bodi kadhaa zinavuta ampea 40 kutoka pawasaplai ya volti 5. Waya, kwenda na kurudi, una ukinzani wa 0.02 Ω.

Volteji inayopotea: V = IR = 40 × 0.02 = 0.8 V
Zinazofika kwenye bodi: 5 − 0.8 = 4.2 V
Joto kwenye waya: P = I²R = 1,600 × 0.02 = 32 W

Upotevu ukizidi, kijani na bluu hufifia kwanza, kwa kuwa ndizo zinazohitaji volti nyingi. Picha hubaki nyekundu-nyekundu. Sasa linganisha: wati 200 hizohizo zikisafiri kwa volti 230, mkondo ni ampea 0.87 tu, na waya uleule hupoteza takriban wati 0.015. Ndiyo maana pawasaplai nyingi ndogo huwekwa nyuma ya bodi zenyewe, waya wa volti 5 ukawa mfupi na mnene. Pia ikifa moja, inazimika sehemu ndogo tu.

D. Taarifa, joto na maji

Bodi hupokezana taarifa za picha kwa mfululizo. Moja ikikatika, zote zinazofuata hukosa picha. Dawa ni kuleta taarifa kutoka ncha zote mbili za mnyororo. Joto hupunguza mwanga na maisha ya LED, na jua kali ndipo skrini inapotakiwa kung'aa zaidi. Acha hewa ipite nyuma. Ziba viungio kwa mpira dhidi ya mvua.

Angalizo: Watahiniwa wengi husahau waya wa kurudi, au hawabadili milimita kuwa mita. Alama hupotea hapo.

Zoezi

1. LED nyekundu ya volti 2 inatumia mA 20 kutoka volti 5. Tafuta rezista inayofaa.
2. Urefu wa waya wa sehemu C ukiongezwa mara mbili, mkondo ukibaki uleule, bodi zitapata volti ngapi?

Majibu: 1. (5 − 2) ÷ 0.02 = 150 Ω. 2. 5 − (40 × 0.04) = 3.4 V.