Nyongo na Hasira: Asili ya Neno «choler»

Mwanafunzi asomaye Biblia ya Kiingereza iliyochapwa mwaka 1611 kwa agizo la Mfalme James atakutana na neno «choler». Katika kitabu cha Nabii Danieli, sura ya 8 na ya 11, maana yake ni hasira kali. Lakini katika kitabu cha Yoshua bin Sira, sura ya 31 na ya 37, neno lile lile lataja ugonjwa wa tumbo umpatao mlafi. Je, watafsiri walichanganya mambo? Hasha.

Wagriki wa kale waliita nyongo «kholē». Wakawa pia na neno «kholera», yaani ugonjwa wa kutapika na kuharisha. Warumi walilichukua, na baadaye katika Kilatini likabeba maana ya nyongo yenyewe. Wafaransa wakalifanya «colère», neno tulilojifunza sote shuleni. Na Waingereza wakalipokea kutoka kwao katika karne ya 14. Basi «colère» na kolera, ule ugonjwa uenezwao na maji machafu, ni ndugu wa tumbo moja, ingawa leo hawafanani hata kidogo.

Lakini nyongo yaingiaje katika hasira? Waganga waliomfuata Hippocrates, na hasa Galen wa karne ya 2, walifundisha kwamba mwili watawaliwa na maji manne: damu, kohozi, nyongo ya manjano na nyongo nyeusi. Nyongo ya manjano ilidhaniwa kuwa ya moto na kavu. Ikizidi, mtu huwaka upesi kama majani ya kiangazi. Ile nyeusi ilisemekana kuleta huzuni. Mafundisho hayo yalidumu zaidi ya miaka elfu moja, na bado yalikuwa na nguvu siku za Shakespeare: katika mchezo wake wa Julius Caesar, Brutus amkemea Cassius kwa neno hilo hilo.

Hapa pana hatari. Mtu aweza kujitetea akisema: «Ndivyo nilivyoumbwa, nyongo yangu ni nyingi.» Mtakatifu Tomaso wa Akwino aliikubali elimu ya waganga wa zamani, hata akaandika kwamba mwenye nyongo hukasirika upesi, lakini hakuchanganya mwelekeo wa mwili na ridhaa ya mtu. Nasi leo twajua kwamba nyongo hutoka katika ini, na kazi yake ni kusaidia kuyeyusha mafuta ya chakula. Hasira haimo.

Wala tusiwacheke wazee hao. Mtu akichukiwa na wale waliompenda, Waswahili husema ametumbukia nyongo.

Siku hizi Waingereza hawalitumii tena neno hilo katika mazungumzo. Ukilikuta katika Danieli, litafsiri «ghadhabu». Katika Bin Sira, sema «ugonjwa wa tumbo».