Malaria si Mdudu Mmoja

Tukitaja malaria, wengi wetu twadhani ni ugonjwa wa mdudu mmoja. Sivyo. Wadudu waletao malaria kwa wanadamu ni wa aina kadhaa, nao wote huenezwa na mbu. Aliye mkali kupita wote barani Afrika, auaye watoto wetu kwa wingi, ni Plasmodium falciparum. Huyo twamjua. Leo yafaa tuwajue na wenzake, ambao upole wao una hila.

Wa kwanza ni Plasmodium malariae. Mwaka 1886 tabibu Mwitalia, Camillo Golgi, alionyesha kwamba homa irudiayo kila baada ya saa 72 ina mdudu wake wa pekee. Mdudu huyo huwa haba katika damu, hata mpimaji mwenye hadubini aweza kumpita asimwone. Naye aweza kukaa mwilini miaka mingi. Katika miaka ya 1960 madaktari waliofanya kazi Uganda na Nigeria walieleza jinsi anavyohusiana na ugonjwa wa figo wa watoto, ambao huvimbisha uso, miguu na tumbo.

Wa pili ni Plasmodium ovale, aliyeelezwa na John Stephens mwaka 1922. Huyu hujificha ndani ya ini na kulala. Dawa ya mseto humfagia katika damu, lakini waliolala katika ini haiwagusi. Baada ya majuma au miezi huamka, na homa hurudi. Ndipo watu hulaumu dawa, au hudhani mgonjwa ameumwa na mbu mwingine. Plasmodium vivax naye ana tabia hiyo hiyo, ingawa katika sehemu nyingi za Afrika hupatikana kwa nadra.

Je, wadudu hawa ni wengi? Kwa hadubini huonekana wachache. Lakini wataalamu wachunguzapo chembe za urithi katika damu, huwakuta mara nyingi zaidi, na aghalabu wamechanganyika na falciparum. Huko Nyamisati, karibu na delta ya Rufiji nchini Tanzania, damu ya wanakijiji ilichunguzwa kwa vipindi kati ya mwaka 1994 na 2016. Falciparum alipungua sana. Malariae na ovale waliendelea kuwapo. Basi mkubwa akipungua, tusidhani wadogo wameondoka naye.

Hapa ndipo penye jambo la kuangaliwa na kila baba na mama. Vipimo vingi vya haraka humtafuta falciparum peke yake. Kipimo kikisema hakuna malaria, maana yake huenda ni kwamba huyo mmoja hakuonekana. Homa ikirudi, turudi zahanati, tutaje siku ilipoanza na siku iliporudi, tuombe damu itazamwe kwa hadubini. Mtoto akivimba uso au miguu, apelekwe upesi. Wala tusijinunulie dawa: ile iwaondoayo wadudu waliolala katika ini yaweza kuharibu damu ya watu wengine, hivyo hutolewa kwa amri ya mganga aliyekwisha kumpima mgonjwa.

Chandarua hakibagui, humzuia mbu, awe amebeba mdudu mkali au mpole. Wazee walituonya: mdharau mwiba, mguu huota tende. Tusiwadharau wadudu hawa kwa kuwa ni wapole.