Tia Ufukwe Wenu Kwenye Ramani: Vidokezo 7

OpenStreetMap ni ramani ya dunia iliyoanzishwa Uingereza mwaka 2004, na wanaoichora ni watu wa kujitolea kama wewe. Satelaiti huona mchanga na majani. Geti lililofungwa, kiingilio na kichochoro cha kufikia maji anavijua mwenyeji.

1. Anza na unapopajua kwa miguu. Fungua akaunti, kisha ubonyeze sehemu ya kuhariri. Kihariri kiitwacho iD hufunguka humo humo kwenye kivinjari. Mji mzima uache kwanza. Bustani moja yatosha. Izungushie mstari ukingoni, halafu ipe lebo ya kusema ni kitu gani.

2. Usichanganye bustani na hifadhi. Forodhani ya Unguja na Bustani ya Uhuru jijini Nairobi ni mahali pa kupumzikia, lebo yake ni leisure=park. Serengeti ni hifadhi ya taifa: boundary=national_park. Ukikosea hapo, mama anayetafuta pa kuchezea watoto jioni utamwelekeza kwa simba.

3. Jiulize maji yalikuwa wapi. Picha ya angani ya Paje au Jambiani, kule Unguja, ikipigwa maji yamekupwa, mchanga huonekana umeenea hadi kwenye mashamba ya mwani. Hiyo si nchi kavu! Mstari wa pwani kwenye ramani hii hufuata pale maji ya bamvua yanapofika yakijaa. Ukienda mwenyewe, tafuta ule utepe wa mwani mkavu na takataka zilizotupwa na mawimbi. Ufukwe chora kama eneo, natural=beach, lakini mstari wa pwani usiuguse mpaka uzoee. Mstari huo una mwelekeo wake wa kuchorwa: nchi kavu kushoto, bahari kulia.

4. Chora njia ya kufikia. Hapa ndipo penye kazi hasa. Sehemu nyingi mchanga upo, ila kati yake na barabara kuna kuta za hoteli. Kichochoro cha umma kati ya kuta mbili kitamfaa msomaji wa ramani kuliko ufukwe uliochorwa kwa madaha yote, kwa hiyo kichore mpaka kikutane na barabara. Geti la wateja tu lipe access=customers. Panapotozwa kiingilio, weka fee=yes, na saa za kufungua ukizijua. Usikisie: muulize mlinzi.

5. Vidogo ndivyo vinavyotafutwa. Choo, bomba la maji ya kunywa, benchi, ngazi, mteremko wa kiti cha magurudumu. Mwenye simu ya Android apakue programu iitwayo StreetComplete. Humuuliza mtu maswali mafupi akiwa pale pale, naye hujibu kwa kugusa kioo.

6. Jina liwe la watu, mchoro uwe wako. Mombasa, kibao kitasema Jomo Kenyatta Public Beach, lakini kondakta wa matatu ataita Pirates. La kibao liandike kwenye name, la mtaani kwenye alt_name, na yote mawili yatatafutika. "Ufukwe mzuri sana" si jina, ni sifa; iache. Wala usinakili chochote kutoka Google Maps, ina wenyewe. Picha za angani zilizomo ndani ya iD zina ruhusa ya kuchorea. Yaliyobaki yatoke machoni mwako.

7. Rudi ukakague. Kila unapohifadhi, eleza kwa sentensi moja ulichobadilisha, ili wenzako waelewe. Masika yakipita, pita tena: mchanga huhama, bustani hugeuzwa maegesho, ukuta mpya huota. Ukikuta kichochoro kimezibwa, rekebisha siku hiyo hiyo, mgeni asije akatembea juani kutafuta njia ambayo haipo tena.